Mipira Mitatu Hewani, Hesabu Mezani

Kijana anayekimbia kando ya barabara ya Ngara, mkoani Kagera, hamshangazi mtu. Lakini akikimbia huku anarusha na kudaka mipira mitatu, bodaboda atapunguza mwendo, mama wa gengeni atasimama na kisu mkononi, na mzee aliyeketi barazani atauliza, "Huyu ni mtoto wa nani, na anafanya nini?" Swali hilo la pili ndilo mtaji wako wote. Limekuja lenyewe, hukulinunua kwa tangazo. Makala haya ni ya yule anayetaka kulijibu kwa kusema, "Ninachangisha fedha," na anayetaka jibu lake liwe bado linasimama mwezi mmoja baadaye, mbio zikishasahaulika.

Duniani wapo waliofika mbali kwa mchezo huu. Michal Kapral wa Toronto, Kanada, mwaka 2007 alimaliza kilomita 42.195 akirusha mipira mitatu njia nzima, kwa saa 2, dakika 50 na sekunde 12. Wengi wetu hatufikii muda huo hata mikono mitupu. Mpinzani wake wa miaka ile, Mmarekani Zach Warren, alikimbia akichangia sarakasi ya watoto nchini Afghanistan. Kabla yao, mwaka 1990 jijini Prague, Jan Skorkovský alikamilisha marathoni nzima akipiga danadana, mpira usiguse ardhi, kwa saa 7, dakika 18 na sekunde 55. Nawataja ili ujue kwamba jambo linawezekana. Wewe unahitaji kilomita 5, labda 10, na watu wanaokufahamu wakiwa wamejipanga kando ya njia.

Kwetu mchango una historia nzito, na mchangishaji asiyeijua atajikwaa mapema. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata vijiji vingi vilibaki na bibi wanaolea wajukuu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 wakikimbia kutoka Rwanda, na Benaco, hapa Ngara, ikageuka mji wa mahema. Ngara ikaona misafara ya malori ya chakula, magari meupe, mabango ya mashirika ya kila lugha, kisha ikaona mengi yao yakiondoka. Vingine vilibaki: Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, bado ni sauti ya nyumbani. Na tangu mwaka 2003, watu wa Guernsey, kisiwa kidogo kati ya Uingereza na Ufaransa, wamekuwa wakichangia yatima na wajane wa Kagera kupitia Tumaini Fund, wakishirikiana na Dayosisi ya Kagera ya Kanisa Anglikana yenye makao yake Murgwanza.

Kwa hiyo mwananchi wa Ngara au Biharamulo ana jicho la kumjua anayeomba kwa ajili ya watu na anayeomba kwa ajili ya tumbo lake. Mipira mitatu itamfanya asimame. Hatatoa hata shilingi mpaka ajue fedha inakwenda wapi, inaishia wapi, na nani atarudi kumwonyesha. Ndiyo maana ushauri wangu unaanza mbali na mipira.

Anza na hitaji. Lichague kabla hujashona kifuko hata kimoja. Liwe moja, dogo, linaloonekana kwa macho, na fedha utakayopata iweze kulimaliza. "Kusaidia yatima" halina mwisho, na jambo lisilo na mwisho halina hesabu. "Madawati mawili ya darasa la kwanza katika shule yetu" lina mwisho, na mtu yeyote anaweza kwenda kuyakalia. Mbio kubwa za nchi hii zimefuata njia hiyo hiyo. CRDB Bank Marathon, iliyoanza mwaka 2020, ilijulikana kwa kuchangia matibabu ya moyo ya watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. NBC Dodoma Marathon ikashika saratani ya mlango wa kizazi. Mgodi wa Geita, jirani zetu kabisa, tangu mwaka 2002 unapandisha watu Mlima Kilimanjaro kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Kila mmoja ameshika jambo lake, na ukitaja jina la mbio, mtu anajua fedha inakwenda wapi.

Hitaji lenyewe usilibuni ukiwa kitandani. Nenda kwa mwenye nalo. Kama ni la afya, mwone mganga mfawidhi wa zahanati yenu, au uongozi wa hospitali ya Murgwanza, ya Rulenge au ya Biharamulo, uulize ni kitu gani kidogo kinachowakwamisha kila wiki. Mara nyingi utashangaa: si mashine kubwa, ni taa ya chumba cha kujifungulia, shuka, beseni, au kiti mwendo kilichovunjika gurudumu. Kama unafikiria kulipia kaya bima ya afya, pita kwanza ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Miaka iliyopita kadi ya CHF iliyoboreshwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka, lakini Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekuja kubadili utaratibu, nawe hutaki kutangaza kiwango cha zamani mbele za watu. Kama ni la shule, zungumza na mwalimu mkuu pamoja na kamati ya shule. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, michango shuleni huangaliwa kwa jicho kali, na ni haki iwe hivyo. Mwanafunzi asitumwe nyumbani kudai fedha kwa ajili ya mbio zako, hata kwa nia njema.

Nina neno moja zito hapa. Usiweke picha ya mtoto wa mtu kwenye bango lako ili watu wamhurumie. Yatima ana jina, ana bibi, ana wenzake darasani watakaoliona bango hilo na kumtania nalo. Piga picha ya dawati lililovunjika. Piga picha ya paa linalovuja. Inatosha kabisa.

Sasa vifuko. Nasema vifuko kwa makusudi, kwa sababu mpira wa tenisi haufai kwa kazi hii. Ukianguka unadunda, ukidunda unabingirika, na ukibingirika kwenye barabara yetu unaishia chini ya lori, na wewe nyuma yake. Kifuko cha nguo kilichojaa nafaka kikianguka kinakaa palepale. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha.

Nenda kwa fundi cherehani umwombe mabaki ya vitenge, rangi kali, tatu tofauti kama inawezekana: njano, nyekundu, nyeupe. Rangi ya kijani au ya udongo itakupotea machoni ukipita kwenye migomba. Nguo iwe ngumu kiasi na ishonwe mara mbili, kwa sababu mshono mmoja hufumuka siku ile ile ya mbio. Kifuko kikijaa kiwe na upana wa sentimita 6 mpaka 7, kikae kwenye kiganja na vidole vikizunguke. Ndani weka ulezi au mtama mkavu. Ulezi ni bora zaidi, punje zake ndogo hutulia mkononi. Uzito uwe gramu 120 hivi, na vyote vitatu vipimwe kwenye mzani wa duka mpaka viwe sawa, maana mkono ukizoea uzito mmoja, kifuko kimoja kikizidi gramu 30 utakuwa unakiangusha hicho hicho kila mara bila kujua kwa nini. Usikijaze mpaka kiwe kigumu; kilegee kidogo ili kikitua kitulie. Mchanga ni mzito na unapenya mshono. Kokoto zitakuumiza vidole. Na shona seti ya pili, vitatu vingine, kwa sababu mvua ikivilowesha, nafaka huvimba, na ukivisahau kwenye begi kwa wiki moja vitaota.

Kujifunza kurusha huanzia ndani, mbele ya kitanda. Ukisimama ukiwa umekielekea, kifuko kinachoanguka kinaanguka juu ya godoro, hujichoshi kwa kuinama. Anza na kimoja: kirushe kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, kipite katika upinde, kilele chake kiwe mbele ya uso wako, kisha kirudi vivyo hivyo. Macho yaangalie kilele, yasiangalie mikono. Kisha viwili: kimoja kila mkono. Rusha cha kwanza; kikifika kileleni, rusha cha pili kipite chini ya cha kwanza. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kukabidhi cha pili toka mkono hadi mkono badala ya kukirusha. Ukiona mkono wa kushoto unakabidhi, anza na huo wa kushoto mpaka ushike adabu. Ukishazoea, ongeza cha tatu: mkono wenye viwili huanza, na kila kimoja kikifika kileleni kingine kinaondoka. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, bila kukimbilia. Ukiweza kurusha mara 100 ukiwa umesimama, bila kuangusha, uko tayari kutembea.

Kutembea kwanza, usiruke hatua hii. Zunguka uwanja wa mpira wa shule jioni, mwendo wa kawaida, mpaka miguu na mikono isahauliane. Kisha kimbia papo hapo, kisha polepole kwenye majani.

Lipo jambo la kutia moyo ambalo wanaoanza hawaliamini mpaka waone: mwendo wa kukimbia na mwendo wa kurusha vinaoana vyenyewe. Mkimbiaji wa kawaida hupiga hatua 160 mpaka 180 kwa dakika. Chukua 170: kila hatua ni kama theluthi ya sekunde. Ukirusha kifuko kimoja kwa kila hatua, kila kifuko kinatakiwa kukaa hewani nusu sekunde tu, na ili kitu kikae hewani nusu sekunde kinahitaji kupanda sentimita 30 hivi juu ya mkono. Yaani kutoka usawa wa kiwiko mpaka kifuani, basi. Kifuko ulichokuwa unakirusha mpaka usawa wa uso ulipokuwa umesimama, sasa kikae chini. Viwiko vikunjwe kama kawaida ya mkimbiaji, mabega yalegee, na mkono wa kulia urushe mguu wa kushoto unapotangulia. Baada ya muda hutahesabu tena. Hatua ndiyo itakayokuwa inarusha.

Kosa la pili la kawaida ni kurusha vifuko mbele kwa hofu ya kuvipita. Huwezi kuvipita. Kifuko kilichoondoka mkononi mwako ukiwa unakimbia kinaendelea kwenda mbele kwa kasi yako ile ile. Rusha juu tu kana kwamba umesimama, nacho kitakungoja. Isipokuwa upepo wa mbele ukiwa mkali: hapo punguza kimo zaidi.

Kikianguka, simama, kiokote, rudi mahali kilipoangukia, ndipo uendelee. Hiyo ndiyo kanuni wanayoifuata hata wenye rekodi, na wewe uifuate hata kama hakuna mwamuzi, kwa sababu watu wameahidi fedha kwa kilomita ulizorusha. Usiangalie saa. Kapral mwenyewe aliwahi kushinda marathoni ya Toronto mwaka 2002 bila mipira, kwa muda mzuri kuliko ule wa mwaka 2007. Vifuko vinapunguza mwendo wa kila mtu.

Wapo ambao mikono inakataa kabisa lakini miguu ina akili. Kama umekulia kwenye danadana, tumia danadana. Nchi yetu ina Hadhara Charles Mjeje, aliyewasimamisha watu mitaani Dar es Salaam kwa mpira na gauni lake, na video zake zikazunguka dunia. Ila danadana ukiwa unasonga mbele ni polepole mno. Kumbuka saa 7 za Skorkovský. Kwa danadana weka kilomita 1 kuzunguka uwanja, usitoke barabarani hata kidogo.

Na barabara ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Kipande cha Lusahunga hadi Rusumo, kilomita 92, ni njia ya malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Kigali, na ukikata kwenda Kabanga unakutana na yale ya Burundi. Dereva ametoka mbali, usingizi uko karibu, mteremko uko mbele. Mtu ambaye macho yake yako juu kwenye vifuko hana nafasi pale. Usikimbie njia hiyo, hata alfajiri, hata kama ina lami nzuri kuliko zote, hata kama mfadhili anataka picha ya darajani Rusumo. Vivyo hivyo upande wa Biharamulo, pale barabara inapopita karibu na hifadhi ya Burigi-Chato, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019: huko kuna wanyama, na msaada uko mbali.

Chagua barabara ya vumbi ya kijiji kwa kijiji, au mzunguko unaorudiwa. Mimi napendelea mzunguko: kilomita 2 mara tano, kuanzia na kuishia uwanja wa shule. Watu wanakuona mara tano badala ya mara moja, wenye kuhesabu wanahesabu wakiwa mahali pamoja, na ukiumia huduma iko karibu. Pita njia hiyo kwa miguu siku mbili kabla, uangalie makorongo, mawe na mbwa. Ngara ni milima. Chagua kipande kilicho sawa kuliko vyote, na kwenye kilima rusha ukitembea, hakuna aliyekukataza. Mteremko ni hatari kuliko mpando, kwa sababu miguu inaongeza kasi na mikono haijui. Biharamulo kuna sehemu tambarare nyingi zaidi, na kama una ndugu huko, mbio za kwanza zifanyie huko.

Majira yako ni Juni mpaka Agosti. Mvua zimekata, mavuno yameingia, na mkulima aliyeuza maharage au kahawa ana senti mfukoni. Anza saa 1 asubuhi, kabla jua halijakuingia machoni, na panga mzunguko ili jua la asubuhi likae mgongoni au pembeni sehemu kubwa ya njia. Jua la mbele linafuta kifuko hewani.

Watoto watakufuata. Kundi zima, kandambili na peku, wakipiga kelele za furaha. Wanapendeza na wanatisha, kwa sababu wanakuangalia wewe na hawaangalii pikipiki. Weka watu wazima wanne wenye vizibao vya rangi kwenye kila njia panda, uombe bodaboda wa kijiwe wasimame mpaka mbio ziishe, na wape watoto kazi ndani ya uwanja: wahesabu kwa sauti kila kifuko kinachoanguka. Wataona ni kazi yao na hawatatoka.

Kibali si jambo la kuliacha mwisho. Anza na mtendaji wa kijiji au kata, upate barua yake, ndiyo itakayokufungulia ofisi nyingine. Kisha ofisa michezo wa halmashauri, polisi wa wilaya, na kwa njia yenyewe TARURA kama ni barabara ya wilaya au TANROADS kama ni barabara kuu. Mkitaka kufanya mashindano ya watu wengi, wasilianeni pia na chama cha riadha cha mkoa. Ofisi ya mkuu wa wilaya ijue kwamba fedha za watu zinakusanywa, nani anazikusanya, na kwa muda gani. Na kama ni kikundi chenye nia ya kuendelea mwaka hadi mwaka, jisajilini. Sheria ya NGO ipo tangu mwaka 2002 na halmashauri ina ofisa maendeleo ya jamii wa kuwaelekeza.

Tuje kwenye fedha. Njia iliyo bora kwetu ni ahadi kwa kilomita, kwa sababu inamfanya anayeahidi akufuatilie mpaka mwisho. Hapa namna ya kuomba ina uzito kuliko kiasi. Usitume ujumbe wa jumla kwenye kundi la WhatsApp ukangoja. Nenda dukani kwake, vifuko mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mzee, Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakimbia kilomita 10 nikirusha vifuko hivi vitatu. Nachangisha madawati mawili ya darasa la kwanza hapa shuleni kwetu. Naomba uniahidi shilingi 500 kwa kila kilomita nitakayomaliza. Nikizimaliza zote itakuwa shilingi 5,000. Fedha hutanipa mimi, utalipa kwa namba ya kikundi, na jina lako litaandikwa kwenye daftari hili."

Kisha nyamaza, umwonyeshe mara moja unavyorusha. Mzee atacheka, ataita jirani, na jirani naye ataahidi. Aliyesema hana, mshukuru kwa jina lile lile la heshima ulilomwitia mwanzo. Kesho ndiye atakayekupa maji njiani.

Piga hesabu kabla ya kutangaza lengo. Tuseme fundi seremala amekutajia shilingi 80,000 kwa dawati. Waahidi 40, kila mmoja 500 kwa kilomita, kilomita 10: ni shilingi 200,000, wote wakilipa. Hawatalipa wote. Ukitangaza madawati mawili, yaani 160,000, una nafasi ya kupumua. Ukitangaza kumi, umejitia aibu mwenyewe na umewachosha watu kwa mwaka ujao. Lengo dogo lililotimia hujenga imani, na imani ndiyo itakayonunua madawati kumi mwakani.

Fedha zisipite kwenye simu yako binafsi. Hata kama wewe ni mwaminifu kuliko watu wote wa kata, zikichanganyika na za vocha na za mama nyumbani hutaweza kuzitenganisha tena mbele ya watu. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, au tumieni huduma ya vikundi kwenye simu kama M-Koba, ambapo mmoja hawezi kutoa fedha peke yake. Watatu hao wasiwe ndugu. Mmoja awe mtu mzima anayeheshimika, mwalimu mstaafu, katekista, imamu au mama wa VICOBA. Hawa wa VICOBA wana uzoefu wa daftari kuliko wengi wetu. Fedha taslimu ipokewe na mtu mmoja tu siku ya mbio, kwenye meza moja, ndoo yenye mfuniko uliofungwa, na ihesabiwe palepale mbele ya watu kabla haijaondoka uwanjani.

Gharama zako ziweke wazi toka mwanzo. Vitenge, ulezi, maji, nauli ya kwenda halmashauri: hizo si dhambi, dhambi ni kuzificha. Bora zaidi mtafute mtu mmoja azilipe kando, mwenye duka au mwenye mashine ya kusaga, ili uweze kusema kila shilingi ya ahadi imekwenda kwenye dawati. Hilo watu wanalielewa haraka sana.

Wiki moja kabla ya mbio, omba nafasi Radio Kwizera, na matangazo ya kanisani na msikitini. Tangazo liwe fupi: nani, lini, wapi, kwa ajili ya nini, namba ipi. Usiku wa kuamkia siku hiyo kula ulichozoea. Viatu viwe vile ulivyofanyia mazoezi. Awepo mtu wa huduma ya kwanza, mhudumu wa afya ngazi ya jamii anatosha. Kwenye maji, shika vifuko viwili mkono mmoja na kimoja kwenye kwapa, kunywa ukiwa umesimama, halafu endelea. Vifuko vikianguka mara tatu mfululizo, ni dalili umechoka: tembea dakika moja ukirusha, pumzi irudi.

Ukivuka mstari, watu watataka kukubeba. Waache wafurahi, kisha waelekeze mezani. Ndani ya saa moja tangazeni idadi ya kilomita na kiasi kilichokwisha kuingia, kwa tarakimu. Ahadi zilizobaki zifuatilieni wiki ile ile, shauku bado ina joto. Fundi alipwe nusu mwanzoni na nusu akikabidhi, kwa risiti. Siku madawati yanapofika, waalikeni waliochangia, na bandikeni karatasi kwenye ubao wa matangazo wa kijiji: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, saini tatu. Kama zimebaki 40,000, ziandikwe kwamba zimebaki na zikae kwenye akaunti mpaka kamati ya shule iamue. Usizitafutie kazi wewe.

Nakala ya karatasi hiyo mpelekee kila aliyeahidi, hata yule wa shilingi 500. Wasiotimiza ahadi wakumbushe mara moja, na mara ya pili kwa upole ukipita kuwasalimu. Baada ya hapo funga daftari. Majina yao yasisomwe mkutanoni.